Kambale "papa" anapokua: abaki kwenye maji matamu, aongezewe chumvi, ajengewe bahari ya nyumbani au akabidhiwe kwa mwingine?

Katika maduka ya samaki wa mapambo huuzwa kambale mdogo mwenye mwili wa rangi ya fedha, mapezi meusi yenye kingo nyeupe na ndevu ndefu, ambaye wauzaji humwita papa kwa sababu ya pezi lake la mgongoni linalosimama wima na kwa namna anavyozunguka tangi bila kutulia. Akiwa na urefu wa kidole huishi bila taabu katika maji ya bomba, na mnunuzi wa Mwanjelwa jijini Mbeya au wa Gangilonga mjini Iringa huondoka naye dukani bila kuambiwa kwamba samaki huyo, ambaye jina lake la kitaalamu ni Ariopsis seemanni, ni mwenyeji wa midomo ya mito inayoingia Bahari ya Pasifiki katika Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika ya Kusini, na kwamba kadiri anavyokomaa ndivyo mwili wake unavyodai chumvi. Ni ukoo mmoja na wale kambale wa baharini ambao wavuvi wetu wa Pwani huwaita hongwe. Akifikisha sentimita 15 huanza kupoteza mng'ao, hubana mapezi, hupumua haraka na husugua pua kwenye kioo akienda na kurudi, na hapo ndipo mwenye tangi hulazimika kuamua.

Kabla ya uamuzi wowote, hakikisha kwamba samaki uliye naye ndiye huyu. Yupo kambale mwingine anayeuzwa kwa jina lilelile la papa, Pangasianodon hypophthalmus wa Mto Mekong, ambaye ni wa maji matamu maisha yake yote, na anaweza kuzidi urefu wa mita moja. Huyo ukimtilia chumvi ya bahari unamuua. Tofauti huonekana mdomoni: wa Mekong ana jozi mbili za ndevu, wa Pasifiki ana jozi tatu. Mwenye jozi nne, tena mwenye pezi refu la mgongo linaloanzia karibu na kichwa na kuishia karibu na mkia, ni kambale wetu wa kawaida wa mabwawani, na makala haya hayamhusu.

Vigezo vya kulinganisha

Nitazipima njia nne kwa vigezo vitano, nikivifuata kwa mpangilio uleule: afya ya samaki kwa muda mrefu, gharama ya kuanzia, kazi na matumizi ya kila wiki, namna njia hiyo inavyostahimili baridi na kukatika kwa umeme, na usalama wa watu wa nyumbani pamoja na samaki wengine. Kigezo cha nne ndicho kinachotutofautisha sisi wa Nyanda za Juu na ndugu zetu wa Dar es Salaam, kwa hiyo nitakipa nafasi zaidi kuliko kinavyopewa kwa kawaida.

Mambo machache hayabadiliki katika njia tatu za mwanzo. Samaki huyu hufikia sentimita 30 na kupita kidogo, huishi kwa kundi, na akiwekwa peke yake huwa mwoga na hula kwa shida, hivyo hesabu iwe ya samaki watatu au zaidi katika tangi lenye urefu wa sentimita 180, upana wa 60 na kina cha 60, ambalo likijazwa bila kufikisha ukingoni hubeba lita 600. Maji peke yake ni kilo 600, na ukijumlisha kioo, mchanga na meza unakaribia tani moja, uzito ambao sakafu ya mbao au chumba cha ghorofani hakikuwekewa. Joto linalomfaa ni kati ya nyuzi 22 na 28, ilhali usiku wa Juni na Julai katika jiji la Mbeya huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kwa lita 600 zinahitajika hita mbili za wati 300, ambazo zikiwaka kwa jumla ya saa 12 kwa siku hula uniti 7 za LUKU. Nashauri mbili badala ya moja kubwa, kwa kuwa moja ikiharibika usiku, nyingine huzuia maji yasipoe ghafla.

Jambo la pili lisilobadilika ni hewa. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yenye joto lilelile hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na maji ya Pwani. Chumvi nayo hufukuza oksijeni: maji ya bahari kamili hubeba pungufu kwa kiasi kama hichohicho ukilinganisha na maji matamu. Ukiunganisha mambo haya mawili, tangi la maji ya bahari lililoko Mbeya huwa na oksijeni pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko tangi la maji matamu lililoko Kigamboni, na vitabu vya ufugaji wa samaki wa mapambo vilivyoandikwa na watu wa nchi tambarare havikugusii hilo. Kwa hiyo pampu ya hewa iwe kubwa kuliko inavyoelekezwa, na iwepo nyingine ya betri ya akiba.

Jambo la tatu ni miiba. Anayo mitatu, mmoja kwenye pezi la mgongo na miwili kwenye mapezi ya kifuani, na yote ina sumu. Usimvue kwa wavu, kwani mwiba hunasa kwenye nyuzi na utajikuta unamkwamua kwa vidole. Mwongoze aingie kwenye ndoo au chombo cha plastiki kigumu, kisha mnyanyue pamoja na maji. Aliyechomwa atumbukize mkono katika maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia bila kuungua, yasizidi nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, huku akifanyiwa mpango wa kufikishwa hospitali.

Njia ya kwanza: kubaki kwenye maji matamu yaliyogumishwa

Hii ndiyo njia ambayo wengi wetu tumo tayari bila kuichagua. Kwa afya, inamtosha samaki aliye chini ya sentimita 10 hivi, lakini kwa aliyekomaa ni kuahirisha: wapo wanaoendelea kula na kuogelea kwa muda mrefu wakiwa humo, ila huwa wepesi wa kushikwa na vidonda vya ngozi na ukungu, na kila ugonjwa huchukua muda kupona. Kinachosaidia ni kuyafanya maji yawe magumu na yenye uchachu mdogo, yaani kipimo cha pH kuanzia 7.5 kwenda juu, kwa sababu maji ya vijito vya milimani, na zaidi maji ya mvua ambayo watu wa Tukuyu huyakinga kwa wingi, huwa laini mno.

Gharama ya kuanzia ni ndogo. Mawe ya chokaa, ya jamii ile inayochimbwa Songwe kwa ajili ya kiwanda cha saruji, yakioshwa na kuwekwa ndani ya chujio hugumisha maji polepole bila kuyashtua. Jiwe hupimwa kwa matone ya siki: likitoa povu linafaa, likinyamaza ni mapambo tu. Magadi yasitumike badala yake, hata kama yapo jikoni na ni ya bei nafuu, kwa kuwa hupandisha pH kwa ghafla na hayaleti kalisi ambayo ndiyo inayotafutwa. Wala maji ya Ziwa Rukwa si njia ya mkato, kwa sababu chumvi zake ni za jamii ya magadi, hazilingani na za baharini.

Kazi ya wiki ni ileile ya tangi lolote: kubadilisha maji kiasi cha robo, yaliyolazwa usiku kucha ili klorini iruke. Kwa baridi na umeme, hii ndiyo njia inayosamehe zaidi kati ya zile tatu za kufuga, kwani maji matamu hubeba oksijeni nyingi na pampu ikizimika kwa saa chache samaki huvumilia. Kuhusu usalama wa samaki wengine, kumbuka kwamba huyu ni mla nyama mwenye mdomo mpana, na samaki wadogo uliowanunua pamoja naye watapungua mmojammoja bila wewe kuona anayewachukua.

Inamfaa mwenye samaki wachanga anayejipanga kwa hatua inayofuata, na anayehitaji miezi ya kutafuta fedha au mtu wa kumkabidhi. Haimfai anayetaka iwe makazi ya kudumu.

Njia ya pili: maji ya chumvi kiasi

Haya ni maji yanayofanana na ya mdomo wa mto, mahali ambapo mto na bahari hukutana. Lengo zuri kwa samaki wa makamo ni gramu 12 za chumvi kwa lita, ambazo kwenye haidromita, yaani kifaa cha kupimia uzito wa maji yenye chumvi, husomeka karibu na 1.009. Kwa afya, tofauti huonekana: ngozi hurudisha mng'ao, ukungu wa maji matamu haupati nafasi, na samaki hula kwa bidii. Kwa aliyefikisha ukubwa wake kamili, chumvi hii ni bora kuliko kukosa, ingawa wafugaji wengi wazoefu huendelea kuipandisha miaka inavyokwenda, na mimi nakubaliana nao.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni chumvi gani. Chumvi ya mezani imeongezwa madini joto na mara nyingi dawa ya kuzuia isigande, lakini tatizo lake kubwa ni kwamba ni chumvi tupu. Hata chumvi ya mawe inayovunwa kwenye majaruba ya Pwani, ambayo kwa hakika imetoka baharini, si bahari iliyokaushwa: maji yanapokauka jaruba hugandisha chumvi ya kawaida, na magnesi na madini mengine hubaki kwenye majimaji yanayomwagwa. Chumvi ya Uvinza nayo hutoka kwenye chemchemi za bara. Kinachotakiwa ni chumvi maalumu ya matangi ya bahari, yenye kalisi, magnesi na vitu vinavyoshikilia pH, na kwa watu wa Mbeya na Iringa hiyo mara nyingi huagizwa kutoka Dar es Salaam. Kwa tangi letu la lita 600 utaanza na kilo 7 na robo hivi.

Ukibadilisha lita 90 kwa wiki utatumia kilo 1 na kidogo, ambazo kwa mwezi hazifiki kilo 5. Chumvi iyeyushwe kwenye ndoo kwanza, isimwagwe tangini. Mwanzoni ipandishwe gramu 1 au 2 kwa lita kwa wiki, ili samaki na wale bakteria wa kwenye chujio wanaokula amonia wapate muda wa kuzoea. Anayeharakisha huua bakteria, na amonia inayopanda katika maji yenye pH ya juu ni sumu kali kuliko ikiwa katika maji laini. Maji yaliyopungua kwa mvuke hujazwa kwa maji matamu, kwa sababu chumvi haikuondoka na mvuke. Kosa la kujazia maji ya chumvi kila mara ndilo linalowafanya wengine waone haidromita inapanda mwezi hadi mwezi wasijue kwa nini.

Kwa upande wa umeme, oksijeni hupungua kidogo tu kwa kiwango hiki cha chumvi, hivyo ustahimilivu wake hauko mbali na wa njia ya kwanza. Umeme ukikatika usiku wa baridi, funika kioo kwa blanketi pande zote, acha uwazi juu, na washa pampu ya betri. Maji mengi hupoa polepole, na saa tatu au nne si hatari kubwa kwa lita 600. Kuhusu usalama, chumvi hurukia kwenye nyaya na kuganda, kwa hiyo kila waya uninginie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuufuata hadi kwenye umeme. Wenzake wanaofaa ni samaki wa mikoko kama Monodactylus argenteus, ambaye hupatikana pia katika pwani yetu. Samaki wa Ziwa Nyasa wasiingizwe humu.

Inamfaa mwenye samaki wa sentimita 10 hadi 20, mwenye nafasi ya kudumu nyumbani na uwezo wa kuagiza mfuko wa chumvi kwa ratiba.

Njia ya tatu: maji ya bahari kamili

Kwa afya ya samaki aliyekomaa, hakuna njia ya kufuga iliyo bora kuliko hii, kwa kuwa ndiyo hali anayoiendea mwenyewe akiwa huru. Chumvi hufika gramu 35 kwa lita, na kutoka gramu 12 huchukua miezi mitatu hadi minne kufikishwa huko kwa upole.

Gharama hupanda. Chumvi ya kuanzia ni kilo 21, na kwa kubadilisha lita 90 kila wiki unatumia kilo 3 na zaidi kidogo, yaani karibu kilo 13 kwa mwezi. Unahitaji pia chujio la povu, kifaa kinachovuta uchafu wa samaki kabla haujaoza, na meza isiyo ya chuma, kwani chuma huliwa na chumvi kabla hujalipa deni lake. Wapo wanaofikiria kuchukua maji halisi ya bahari kwa madumu. Kwa mkazi wa Dar es Salaam anayejua pa kuyachota mbali na bandari na mifereji, ni wazo zuri. Kwa mkazi wa Mbeya, kusafirisha zaidi ya kilo 90 kila wiki kwa zaidi ya kilomita 800 na kupandisha mlima Kitonga ili tu kuokoa kilo 3 za chumvi ni hesabu isiyokubali.

Baridi na umeme ndipo njia hii inapobana. Ile theluthi ya oksijeni iliyokosekana huonekana siku umeme unapokatika: pampu ikinyamaza, samaki wakubwa watatu huanza kupanda juu kuvuta hewa mapema zaidi kuliko wangefanya kwenye maji matamu. Hita haziendeshwi na sola ndogo, lakini pampu ya hewa hutumia wati chache na huweza kukaa kwenye betri usiku kucha. Asiyeweza kuweka betri hiyo asijenge tangi la bahari mwinuko huu. Usalama wa nyumbani ni uleule wa njia ya pili, ila nyaya zikaguliwe mara nyingi zaidi. Wenzake wawe samaki wa bahari wasioweza kumezwa.

Inamfaa mtu ambaye tayari anapenda ufugaji wa bahari, anayeweza kulipa kila mwezi bila kusukumwa, na ambaye yuko tayari kuwa na samaki hawa kwa zaidi ya miaka 10.

Njia ya nne: kumkabidhi kwa mwingine

Wapo wanaoiona njia hii kuwa ni kushindwa. Mimi siioni hivyo, mradi anayepokea ana tangi la chumvi lenye ukubwa unaotosha. Kwa afya ya samaki, matokeo yanategemea kabisa nani amempokea: duka likimpokea na kumuuza tena kwa mtu mwenye tangi la lita 60, umehamisha tatizo. Hoteli au mfugaji wa Pwani mwenye tangi la bahari ndiye wa kutafutwa, na umuulize kiwango chake cha chumvi kabla ya safari ili uanze kupandisha chako nyumbani.

Gharama ni ya safari. Samaki asilishwe kwa siku mbili, asafirishwe kwenye ndoo ngumu ya lita 20 yenye mfuniko uliotobolewa, kila ndoo samaki mmoja, kwa kuwa miiba hutoboa mifuko. Pampu ya betri iwekwe, na ndoo izungushiwe blanketi kuanzia Mbeya hadi basi litakapoteremka kufika joto la Morogoro. Baada ya hapo kazi ya kila wiki, baridi na bili vimekwisha upande wako.

Kuhusu usalama, kuna jambo moja lisilo na mjadala: kumwachia mtoni, ziwani au baharini hakumo katika njia hizi nne. Mtoto wake huweza kuishi kwenye maji matamu, na mito ya Kiwira na Songwe, ule wa mpakani na Malawi, huishia Ziwa Nyasa, lenye mamia ya aina za samaki wasiopatikana popote pengine duniani. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na aina nyingi za samaki wadogo wa ziwa hilo hazikurudi. Bahari ya Hindi nayo si kwao, ingawa ni maji ya chumvi.

Inamfaa aliyepanga nyumba, anayehamahama kikazi, na yeyote ambaye bajeti yake haibebi chumvi na hita kwa pamoja.

Kwa hali yako

Ukiwa na samaki wa urefu wa kidole na tangi dogo, njia ya kwanza inakupa miezi kadhaa, na miezi hiyo itumike kujenga tangi kubwa au kutafuta wa kumpokea. Samaki akiwa wa makamo nawe uko kwenye nyumba yako mwenyewe yenye sakafu ya zege, anza njia ya pili, kwa sababu vifaa vyake karibu vyote vitakufaa ukiamua baadaye kwenda ya tatu, na ukiishia katikati hutakuwa umepoteza kitu.

Mkazi wa Njombe au Mafinga, ambako baridi ni kali, aongeze hita ya tatu na azungushie tangi sponji nene upande wa nyuma na pembeni kabla ya kufikiria chumvi, na kama umeme wa mtaa wake hukatika mara kwa mara, njia ya nne ina uzito kwake kuliko ya tatu. Mkazi wa Kyela hali yake ni nyingine kabisa: joto la kule humpunguzia matumizi ya hita kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mwinuko mdogo humrudishia oksijeni, hivyo anaweza kuendesha tangi la bahari kwa gharama ambayo mtu wa Uyole hawezi. Tatizo lake litakuwa usafiri wa chumvi.

Nyumba yenye watoto wadogo inaweza kufuata njia yoyote, ila tangi liwe na mfuniko unaofungwa, kwa sababu ya miiba na kwa sababu samaki huyu huruka akishtuka. Shule au ofisi ambayo huzimwa umeme wakati wa likizo isichague ya pili wala ya tatu.

Na kwa ambaye bado amesimama mbele ya kioo cha dukani akiwatazama bila kununua, aulize kama wanaweza kumpatia Synodontis njassae, kambale wa Ziwa Nyasa ambaye haendi mbali zaidi ya sentimita 20, anapenda maji magumu yenye pH ya juu, na atatosheka na tangi la lita 250 lenye hita na mawe yale ya chokaa. Chumvi hatahitaji kamwe.